Alphonse Pénaud: Aliyerusha ndege kwa mpira uliosokotwa

KABLA ya injini ya petroli kuwahi kumwinua mtu kutoka ardhini, kijana mmoja wa Ufaransa alikuwa tayari ameonyesha jinsi ndege inavyoweza kujisukuma na kujisawazisha angani bila kuguswa na mkono wa binadamu. Chombo alichotumia kilikuwa na uzito wa gramu 16 pekee, na nguvu yake ilitokana na mpira uliosokotwa.

Kijana huyo alikuwa Alphonse Pénaud, mvumbuzi aliyezaliwa jijini Paris mnamo Mei 31, 1850 na kuaga dunia katika jiji hilo hilo mnamo Oktoba 22, 1880, akiwa na umri wa miaka 30.

Siku hizi jina lake halitajwi sana nje ya kundi la wapenzi wa historia ya usafiri wa angani. Hata hivyo, kila mtu anayeketi mezani kuunda kielelezo cha ndege ya kivita ya zamani, akakata vijiti, akabandika karatasi na kufunga mpira tumboni mwa chombo chake, anafuata njia iliyofunguliwa na Pénaud zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Pénaud alitoka katika familia ya wanamaji. Kwa desturi za enzi hizo, ilitarajiwa kwamba naye angevaa sare na kwenda baharini kama waliomtangulia. Ugonjwa wa nyonga uliomwandama tangu ujana wake ulimfungia mlango huo.

Kijana aliyenyimwa bahari akaelekeza akili yake angani.

Wakati huo, kuruka kwa chombo kizito kuliko hewa kulichukuliwa na wengi kuwa ndoto za mchana. Ufaransa ilikuwa nchi ya maputo. Tangu mwaka 1783, watu walikuwa wakipaa kwa maputo yaliyojazwa hewa moto au gesi, na mnamo 1852 mhandisi Henri Giffard alikuwa amerusha puto refu lililosukumwa na injini ya mvuke kutoka Paris.

Si kwamba hakuna aliyewahi kuwaza juu ya ndege yenye mabawa. Nchini Uingereza, George Cayley alikuwa ameunda kielelezo cha ndege isiyo na injini mwaka 1804, chenye bawa mbele na mkia nyuma. Aidha, mwaka 1784 Wafaransa wawili, Launoy na Bienvenu, walikuwa wameonyesha kidude kilichopaa wima kwa nguvu ya upinde.

Kikwazo kikubwa kilikuwa nguvu ya kusukuma. Injini ya mvuke ilihitaji tanuri, maji na kuni au makaa, na uzito wake ulikuwa mzigo mkubwa. Springi za chuma, kama zile za saa, zilikuwa nzito kwa chombo kidogo, na upinde uliishiwa na nguvu mara moja. Mtu aliyetaka kujua iwapo umbo fulani la bawa lafaa, hakuwa na njia rahisi ya kulijaribu likiwa linasonga lenyewe.

Mwaka 1870, Pénaud akiwa na umri wa miaka 19 alipata jibu katika mpira.

Mpira wenyewe ulikuwa umeboreshwa miongo michache tu awali. Mmarekani Charles Goodyear alikuwa amegundua mwaka 1839 kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto, hauyeyuki kwa joto wala kukakamaa kwa baridi. Tangu hapo ukawa kitu cha kutumika katika shughuli nyingi za kila siku.

Mtoto yeyote aliyewahi kutengeneza manati anajua kwamba mpira ukivutwa huweka nguvu na kuitoa unapoachiliwa. Lakini mpira uliovutwa sana huhitaji fremu imara ya kuushikilia, na fremu imara ni nzito. Pénaud aliamua kuusokota badala ya kuuvuta.

Uzuri wa njia hiyo ni wepesi wake. Mpira uliosokotwa unahitaji kijiti kimoja na kulabu mbili tu. Upande mmoja umefungwa usizunguke, na upande wa pili umeshikamana na rafadha, yaani pangaboi la kusukuma hewa. Mpira ukiachiliwa, hujifungua na kuizungusha rafadha moja kwa moja, pasipo gurudumu lolote la kati.

Mnamo Aprili 1870 aliitumia njia hiyo katika helikopta ndogo yenye rafadha mbili, moja juu na nyingine chini, zilizozunguka kwa pande zinazokinzana. Kidude hicho kilipaa wima kwa urahisi ambao haukuwa umeonekana katika majaribio ya awali, na baadaye kikawa mwanasesere uliouzwa madukani.

Miezi michache baadaye, vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia. Kuanzia Septemba 1870 hadi Januari 1871 jiji la Paris lilizingirwa na majeshi ya adui, na njia pekee ya kutoka ikawa ya angani. Maputo zaidi ya 60 yaliondoka jijini yakibeba barua na watu, akiwemo waziri Léon Gambetta, aliyetoroka mnamo Oktoba 7, 1870.

Maputo hayo yalikuwa msaada mkubwa, lakini yalifichua pia udhaifu wake. Yalikwenda kokote upepo ulikotaka. Mengine yaliangukia mikononi mwa adui, mengine yakapotelea baharini, na kurudi nayo ndani ya jiji lililozingirwa hakukuwezekana. Aliyetaka kwenda angani atakako yeye, ilimlazimu kutafuta chombo cha namna nyingine.

Vita vilipokwisha, Paris ilitumbukia katika uasi wa Komuni. Mnamo Mei 1871, kasri la Tuileries liliteketezwa kwa moto.

Ilikuwa kwenye bustani za kasri hilo, huku magofu yaliyoungua yakiwa bado yamesimama kando, ambako Pénaud alileta uvumbuzi wake mpya mnamo Agosti 18, 1871. Waliokuja kumtazama walikuwa wanachama wa jumuiya ya wapenda usafiri wa angani.

Chombo hicho alikiita planophore. Kilikuwa na urefu wa sentimita 50, na mabawa yake yalipimwa sentimita 45 kutoka ncha hadi ncha. Katikati palikuwa na kijiti kimoja, na chini yake ulipita mpira. Rafadha ilikuwa nyuma kabisa, ikikisukuma chombo mbele kama ya meli. Kati ya gramu 16 za uzito wote, mpira ulichukua takribani gramu 5.

Pénaud aliusokota mpira, akakiachilia. Kilisafiri umbali wa karibu mita 40 kwa sekunde 11, kikatua salama.

Kwa asiyejua, huo ulikuwa mchezo wa kitoto. Kwa wajuzi waliosimama pale, lilikuwa jambo lisilowahi kuonekana hadharani: ndege yenye mabawa yasiyopiga, iliyojisukuma kwa nguvu iliyojibebea yenyewe, na ambayo haikupinduka.

Siri ya kutopinduka ilikuwa katika mambo mawili. Kwanza, ncha za mabawa ziliinuliwa juu kidogo. Chombo kikilala upande mmoja, umbo hilo hukirudisha sawa, kama mashua inavyojiinua baada ya kupigwa na wimbi.

Pili, Pénaud aliweka mkia mdogo nyuma ya mabawa, ukiwa umeinamishwa kwa pembe ndogo kuliko ile ya bawa. Pua ya ndege ikishuka, mwendo huongezeka, hewa husukuma mkia chini na pua huinuka tena. Pua ikipanda kupita kiasi, mwendo hupungua, na pua hushuka yenyewe. Hivyo ndege hujirekebisha pasipo rubani.

Cayley alikuwa amekaribia ukweli huo miaka mingi iliyotangulia, lakini ni Pénaud aliyeueleza kwa hesabu na kuuthibitisha kwa chombo kilichojiendesha. Kanuni hiyo ya mkia ingali msingi wa kusawazisha ndege nyingi za abiria zinazoruka hadi leo.

Katika miaka iliyofuata, Pénaud alizidi kuandika makala za kisayansi kuhusu upinzani wa hewa na jinsi ndege wa porini wanavyoruka. Aliunda pia kidude kilichopiga mabawa kwa nguvu ya mpira mfano wa ndege hai. Miongoni mwa wapenda anga wa Paris, alihesabiwa kuwa mmoja wa vichwa vikali kuliko vyote.

Lakini hakutaka kubaki na vidude vya mezani. Nia yake ilikuwa kuunda ndege ya kubeba watu.

Mwaka 1876, akishirikiana na fundi Paul Gauchot, alipata hataza ya ndege kubwa ya watu wawili. Wanaoutazama mchoro wake hii leo hupigwa na butwaa, kwa kuwa mengi yaliyomo yalikuja kutumika miongo kadhaa baadaye.

Ilikuwa ndege ya bawa moja pana, yenye rafadha mbili mbele zilizozunguka kwa pande zinazokinzana. Magurudumu yake yalikuwa ya kukunjwa, na yaliwekewa vifaa vya kupunguza mshindo wakati wa kutua. Kiwiliwili kiliundwa kwa umbo la mashua ili kiweze kuelea majini. Rubani alitengewa chumba chenye kioo juu, na usukani mmoja uliomwezesha kuongoza ndege juu, chini na kando.

Pénaud alikadiria kwamba ndege hiyo ingekuwa na uzito wa takribani kilo 1,200, na kwamba ingehitaji injini ya nguvu za farasi 20 hadi 30 ili kwenda kasi ya karibu kilomita 95 kwa saa.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Injini ya namna hiyo, iliyo nyepesi kiasi cha kubebwa na ndege, haikuwepo popote duniani. Mwaka huo huo wa 1876, Nikolaus Otto alikuwa ndipo kwanza anafanikisha injini yake ya gesi nchini Ujerumani, nayo ilikuwa mashine nzito ya kusimama kiwandani. Injini nyepesi za petroli zilianza kujitokeza katikati ya miaka ya 1880.

Wahenga walisema penye nia pana njia. Kwa Pénaud nia ilikuwepo, lakini njia ilihitaji injini na fedha, na vyote viwili hakuwa navyo.

Alijaribu kutafuta wafadhili bila ya kufaulu. Watu waliokuwa wamemshangilia alipowaonyesha kidude cha gramu 16 hawakuwa tayari kugharimia chombo cha kilo 1,200. Wengine walimkejeli. Afya yake nayo ilizidi kuzorota, na maumivu ya mwili yakaungana na uchungu wa moyo.

Miongoni mwa watu aliotarajia kupata msaada kwao ni Giffard, yule aliyerusha puto la mvuke mwaka 1852, ambaye kufikia wakati huo alikuwa tajiri kutokana na uvumbuzi wake mwingine. Matumaini hayo pia hayakuzaa matunda.

Mnamo Oktoba 1880, Pénaud alizikusanya kazi zake, akaziweka ndani ya sanduku dogo lenye umbo la jeneza na kuzipeleka nyumbani kwa Giffard. Baada ya hapo alijitoa uhai. Maisha yake yalikatizwa miezi mitano baada ya kutimiza miaka 30.

Asilolijua ni kwamba wazo lake lilikuwa tayari limevuka bahari.

Miaka miwili kabla ya kifo chake, mnamo 1878, mhubiri Milton Wright wa Marekani alirudi nyumbani kutoka safarini akiwa amewanunulia wanawe wawili mwanasesere. Ilikuwa helikopta ya mpira iliyofuata muundo wa Pénaud. Badala ya kuwakabidhi mikononi, baba huyo aliirusha hewani, nayo ikapaa hadi ikagonga dari.

Watoto hao walikuwa Wilbur, mwenye umri wa miaka 11, na Orville, mwenye miaka 7. Walikipa kidude hicho jina la Popo. Kilipoharibika, walijitengenezea vingine, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia.

Walishangaa kuona kwamba kadiri walivyokipanua ndivyo kilivyoshindwa kuruka. Sababu yake hawakuielewa wakati huo. Chombo kikiongezwa vipimo mara 2, eneo la mabawa huongezeka mara 4, ilhali uzito huongezeka mara 8. Hilo ndilo pengo ambalo mpira hauwezi kuliziba, na ndilo lililomtenganisha Pénaud na ndege yake kubwa.

Si wana wa Wright pekee walionufaika. Kuanzia mwaka 1887, mwanasayansi Samuel Langley wa Marekani aliunda makumi ya vielelezo vya mpira akimwiga Pénaud, kabla ya kuhamia kwa injini za mvuke. Mnamo Mei 6, 1896, kielelezo chake kisicho na mtu kiliruka karibu kilomita moja juu ya mto Potomac. Nchini Australia, Lawrence Hargrave naye alitumia mpira katika majaribio yake ya miaka ya 1880.

Kazi za Pénaud zilielezwa pia katika kitabu cha mhandisi Octave Chanute kilichochapishwa mwaka 1894, ambacho kina ndugu Wright walikisoma walipoanza utafiti wao.

Mnamo Desemba 17, 1903, Orville Wright aliruka kwa injini karibu na Kitty Hawk, jimboni North Carolina. Safari hiyo ya kwanza ilichukua sekunde 12 na umbali wa takribani mita 36.5.

Atakayelinganisha tarakimu hizo na zile za bustani za Tuileries ataona ajabu. Safari iliyobadilisha historia ya dunia ilikuwa fupi kidogo kuliko ile ya planophore miaka 32 iliyotangulia. Tofauti ni kwamba safari hii palikuwa na mtu juu yake, na injini ya petroli yenye nguvu za farasi 12 badala ya mpira.

Miaka michache baadaye, ndege zikageuzwa kuwa silaha. Katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, kati ya 1914 na 1918, ndege kama Sopwith Camel na S.E.5a za Uingereza na zile za Fokker za Ujerumani zilipambana juu ya Ufaransa. Afrika Mashariki pia haikusazwa, kwani mnamo 1915 ndege za Waingereza zilitumiwa kuielekezea mizinga manowari ya Kijerumani ya Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya mto Rufiji.

Ndege hizo za kale ndizo zinazopendwa mno na waundaji wa vielelezo vya mpira. Kazi yao yahitaji subira. Fundi hukata vijiti vyembamba vya mti mwepesi wa balsa, huvibandika juu ya mchoro hadi vifanye mifupa ya ndege, kisha huifunika kwa karatasi laini iliyokazwa kwa unyevu wa maji. Mpira hupitishwa ndani ya kiwiliwili kutoka puani hadi karibu na mkia, ukapakwa mafuta maalumu ili usikatike, na husokotwa mamia ya mara, mara nyingi kwa keekee ya mkono.

Ugumu wa kazi hiyo hauko katika kukata na kubandika. Ndege ya kivita ya zamani iliundwa ili rubani aweze kuigeuza ghafla, na mkononi mwa asiye mzoefu, ndege kama Camel iliua. Pua yake ilikuwa fupi na mkia wake mdogo. Kielelezo chake hakina rubani wa kukirekebisha.

Kwa sababu hiyo, muundaji hulazimika kuacha kidogo vipimo vya ndege halisi. Huupanua mkia, huzidisha mwinuko wa ncha za mabawa, hubandika kipande cha udongo puani ili uzito uelekee mbele, na hurekebisha pembe ya mkia kidogo kidogo hadi chombo kiteleze sawasawa. Ndipo huusokota mpira na kukiachilia.

Hayo ndiyo mambo aliyoyapata kijana wa miaka 21 kwa kijiti na mpira, katika jiji lililokuwa limetoka tu vitani. Wanaoyafanya hivi leo huenda hawajawahi kulisikia jina lake, lakini mikono yao inarudia kazi yake.

Pénaud hakuwahi kupanda ndege, wala hakuishi kumwona mtu akipanda. Hesabu zake zilikuwa sawa, na mchoro wake wa 1876 ulikuwa umeelekea kuzuri. Kilichopungua ni injini, na injini ilikuja miaka michache tu baada ya jeneza lile dogo kufikishwa mlangoni kwa Giffard.